Siku Niliyosahihisha Muhtasari

Tulikuwa sita chumbani siku ile. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni, alikaa upande wa dirisha. Kulia kwake alikaa ofisa wa ustawi wa jamii, ambaye ndiye aliyekuwa akija nyumbani kwetu na faili lake la kijani. Kushoto alikaa mwandishi, msichana aliyepiga chapa kila kilichosemwa bila kutazama vidole vyake. Mwalimu wa darasa wa mdogo wangu alifika amechelewa kidogo, koti limelowa mvua. Upande wetu tulikuwa wawili: mimi, na mzee tuliyemwita Ami. Daktari alituma udhuru. Mdogo wangu mwenyewe, ambaye habari zake ndizo zilizotukusanya, alikuwa shuleni, kipindi cha hesabu.

Nawataja wote kwa sababu nilifundishwa kuwa kikao huanza hivyo, kwa kuandika nani yupo na nani hayupo, na kwamba asiyeandikwa pale juu, hata aseme nini, hakusema. Aliyenifundisha hakuwemo chumbani. Alikuwa mama wa Kilithuania tuliyekuwa tukisafisha naye ofisi, na alfajiri ya siku ile yeye alikuwa amepiga deki peke yake ngazi za jengo letu la kazi kuanzia ghorofa ya nne kushuka chini, zamu yake na yangu.

Baba alitoka Unguja akiwa kijana, mwaka mmoja au miwili baada ya Mapinduzi, akafanya kazi za meli kabla ya kutua London. Mama alikuwa mtu wa Tanga. Alikuja baadaye sana, pamoja nami, nilipokuwa na miaka tisa. Baina yangu na mdogo wangu walizaliwa wawili ambao hawakuishi, ndiyo maana tulipishana miaka kumi na minne. Baba alifariki nilipokuwa na miaka kumi na sita, nikaacha shule mwaka huohuo, nikaingia kazi ya usafi. Sikuacha kwa kulazimishwa. Mama alikuwa na mtoto wa miaka miwili, kodi ya nyumba ilikuwa inangoja, na mimi ndiye niliyekuwa na miguu. Mama naye alipofariki nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na mdogo wangu tisa.

Ami hakuwa ndugu yetu wa damu. Walikuwa wa mtaa mmoja na baba kule Unguja, na alimtangulia kufika London. Alifanya kazi posta mpaka akastaafu, akazungumza Kiingereza kilichonyooka kama cha mtangazaji wa redio. Ndiye aliyemwosha baba. Hitma ya mama ilisomwa nyumbani kwake kwa sababu sebule yetu isingewatosha watu. Mimi nilikuwa nimekaa tu mlangoni napokea mikono ya watu, na kila kitu kilifanyika, kuanzia majamvi mpaka pilau, bila mtu kuja kuniuliza chochote. Hivyo ndivyo alivyokuwa Ami.

Zamu yangu ya usafi ilianza saa kumi na moja alfajiri ikaisha saa tatu. Nilimwacha mdogo wangu amelala, nguo za shule zimepigwa pasi na kutundikwa mlangoni, na jirani wa juu alishuka saa moja na nusu kumwamsha na kumpa chai. Kutoka hapo alikwenda shule peke yake, mitaa mitatu. Jumamosi nilimpeleka Peckham kusukwa, kwa sababu nilijaribu kumsuka mwenyewe na akaniambia kwa Kiingereza kwamba anaonekana kama ufagio. Nilimsemesha Kiswahili, akanijibu Kiingereza, na tukaelewana hivyo siku zote.

Shuleni wakagundua kuwa mtoto anakuja peke yake na nyumbani hamna mtu mzima asubuhi. Hawakufanya kosa kuuliza. Ofisa wa ustawi akaja, akakaa, akanywa chai, akaandika. Mara ya tatu alipokuja alisema kuna familia nzuri katika mji wa pwani, saa mbili kwa treni, inayoweza kumlea mdogo wangu mpaka atakapokuwa mkubwa, na mimi ningemtembelea. Kutakuwa na kikao. Nikauliza kikao cha nini. Akasema cha kusikiliza familia inasemaje.

Sasa, jambo kama hilo kwetu kijana haliendei peke yake. Kijana akienda kuposa, au kutaka radhi, au kutengeneza ugomvi, hutanguliwa na mkubwa wake, na mkubwa ndiye msemaji. Nikaenda kwa Ami. Hakuniuliza maswali mengi. Aliuliza siku na saa, akasema, "Usivae hilo koti la kazi."

Kikao cha kwanza kilifanyika, na watu walikuwa walewale niliowataja mwanzo. Mwenyekiti alipouliza familia inasemaje, Ami alisimama. Alikuwa amevaa suti yake ya kijivu na kofia ya bulibuli. Aliwashukuru mmoja mmoja. Aliishukuru serikali na shule. Akamtaja marehemu baba na marehemu mama. Mwisho akasema, kwa Kiingereza chake kile kilichonyooka, "Mtoto huyu ni wenu kama alivyo wetu. Nyinyi ndio wenye elimu na ndio wenye mamlaka. Mtakaloona linafaa, sisi tumeridhika." Akakaa, akatuliza mikono juu ya mapaja, akangoja.

Mimi nilijua anangoja nini. Yeyote aliyelelewa katika nyumba zetu angejua. Mgeni akikwambia hayo, wewe unamjibu: hapana, mzee, wenyewe ni nyinyi, tuambieni nyinyi mnataka nini. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Mkubwa haanzi kwa kudai. Anakupa kwanza, nawe unamrudishia, na kila mmoja anakuwa ameonyesha kuwa hakuja kugombana.

Mwenyekiti alisema, "Asante sana. Hilo limetusaidia mno," akageuza ukurasa.

Nilimtazama Ami. Naye alikuwa bado anangoja, na uso wake ulikuwa wa mtu anayedhani wenzake wanatafuta maneno mazuri ya kumjibu. Mkubwa wangu alikuwa ameshasema, kwa hiyo mimi nilinyamaza. Mpaka watu wanavaa makoti nilikuwa nimenyamaza.

Wiki mbili baadaye ikaja barua yenye kurasa tano. Katika ukurasa wa tatu iliandikwa kwamba familia, kupitia msemaji wake, imekubali mtoto alelewe na familia nyingine, na kwamba kaka wa mtoto hakuwa na pingamizi. Kikao cha pili, cha kupanga tarehe ya kumhamisha, kingekuwa baada ya siku kumi na tisa.

Nilikwenda na barua ile kazini, imekunjwa mfukoni mwa aproni. Tulikuwa tunasafisha ghorofa ya nne, ambayo ilikuwa vyumba vya mikutano vitupu, kumi na kimoja. Yule Mlithuania alinizidi miaka thelathini. Sikuweza kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake kavu, nikamwita Mama, akacheka, akasema sawa, hata kwao mama ni mama. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko changu alipofika, na kikazidi kuwa kizuri kila mwezi mpaka kikakipita changu, kwa sababu alikuwa na daftari. Karatasi zilizoachwa mezani hatukuruhusiwa kuzisoma. Ziliingia kwenye sanduku lenye kufuli. Lakini maneno ya ubaoni lazima mtu ayafute, na huwezi kufuta kitu bila kukitazama. Kabla ya kufuta, Mama alinakili. Ukurasa aliugawa safu mbili, Kiingereza na Kilithuania, na nilipoanza kazi naye akachora mstari mwingine kwa rula, akasema safu ya tatu ni yangu.

Kwa kuwa vyumba vilikuwa vya mikutano, maneno yetu mengi yalikuwa ya mikutano. Yeye alikuwa na maneno tele. Susirinkimas, alisema, ni watu wote wa kijiji au wa kazi moja wakikusanyika, nikaandika mkutano. Posėdis ni wachache wenye mamlaka wakiketi, nikaandika kikao. Pasitarimas ni watu kuulizana ushauri kwa muda mfupi, hata wamesimama; nikaandika shauri. Šermenys ni watu wakikesha na maiti nyumbani, wanaimba na kula. Nikaandika matanga, ingawa nilimweleza kuwa sisi tunazika kwanza. Neno lake alilolipenda kuliko yote lilikuwa talka, watu wanapokuja kumvunia jirani viazi kwa siku moja naye anawapa chakula kizuri. Kiingereza cha hilo alikitafuta hakukipata, safu ya kwanza ikabaki tupu. Mimi nilikumbuka mama yangu akisimulia habari za Tanga, nikaandika msaragambo, na Mama akalitamka neno hilo asubuhi nzima huku anavuta mashine ya zulia.

Nilimpa barua. Aliisoma amesimama, kitambaa begani.

"Wewe ulikubali?"

"Hapana."

"Ulisema hapana?"

"Sikusema kitu."

Akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekalia kiti cha chumba kile. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Kwao, zamani za Warusi, alikuwa mwandishi wa vikao katika shamba la ushirika kwa miaka kumi na mmoja. Mwenyekiti wa shamba, pirmininkas, alizungumza, na yeye akaandika protokolas, yaani muhtasari.

"Nisikilize," alisema. "Kulikuwa na mtu mmoja, fundi wa matrekta. Alikaa nyuma. Kikao kirefu, viatu vinambana, yeye anafikiria viatu. Mwenyekiti akasema, fundi atatoa nusu ya bustani yake tujenge ghala. Nani anapinga? Fundi kimya. Mimi nikaandika: amejitolea. Mimi, kwa mkono huu. Kikao kilichofuata nikasoma: ni sahihi? Fundi kimya tena, sasa kwa sababu anaona haya. Wakapiga mihuri. Ghala lipo mpaka leo."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Kikao hakijaisha. Kikao cha kwanza kinaisha mwanzo wa kikao cha pili. Watauliza, haya yaliyoandikwa ni sahihi? Hapo wana sekunde tano. Wewe una sekunde tano. Baada ya hapo ni ghala."

Tulikuwa na asubuhi kumi na tatu za kazi. Tulimaliza vyumba kumi haraka, na cha kumi na moja tukakitumia dakika kumi kila siku. Yeye alikalia kiti cha mwenyekiti. Mimi nilisimama na fagio.

"Kaa chini. Anayesimama ni mtumishi."

Nikakaa.

"Je, muhtasari wa kikao kilichopita ni sahihi?"

"Samahani sana, bibi mwenyekiti, kama hutajali, nilikuwa naomba..."

"Samahani ya nini? Umemkanyaga? Tena."

"Bibi mwenyekiti, nasikitika kusema..."

"Usisikitike! Sekunde zimekwisha. Ghala limejengwa. Tena."

Alinifundisha ukurasa, mstari, kisha kosa, kisha ninachotaka kiandikwe, basi. Katika daftari aliandika prieštarauju, na neno la Kiingereza upande mmoja, na mimi nikaandika napinga, nikalitazama. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu mzima, kwa lugha yoyote.

Lakini kulikuwa na jambo Mama hakulijua, na sikumwambia. Kusema kuwa ukurasa wa tatu si sahihi ni kusema kuwa Ami hakusema sawasawa. Na Ami angekuwepo, kiti cha pili kutoka changu, mbele ya watu wasiomjua. Jambo la kufanya lilikuwa wazi: kumwendea nyumbani kabla, kumweleza polepole, aje yeye mwenyewe kurekebisha kwa maneno yake. Heshima yake ingebaki na mdogo wangu angebaki.

Nikaenda Jumapili, baada ya alasiri. Nilimkuta na wazee wenzake wawili, birika la kahawa katikati, sahani ya halua.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita. Huyu hapa ndiye. Niliwaambia habari zake."

"Wa kwenye kikao?" mmoja akauliza.

"Huyuhuyu. Alikaa kimya kama maji mtungini. Adabu za babake. Siku hizi vijana wetu humu wanamkata mzee maneno kama wanakata kitunguu, lakini huyu hakutia neno."

"Angelitia saa ngapi?" akasema yule mwingine. "Hotuba zako, bwana, zinaanza kwa Bismillahi zinaishia kesho. Hata siku unaniposea mke wangu nilidhani nitazeeka mlangoni."

Wakacheka wote, na Ami akacheka kuliko wao. Kisha akasema, "Wazungu wale watu wa adabu. Wamesikiliza mpaka mwisho. Watarudi sasa na lao, tutazungumza. Usiwe na wasiwasi, mwanangu, mtoto hatoki."

Barua ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikunywa kahawa vikombe viwili. Nikangoja wageni waondoke, hawakuondoka, na jirani wa juu alikuwa amekaa na mdogo wangu mpaka saa kumi na mbili tu. Ami akanifungia halua katika karatasi nimpelekee mtoto. Mlangoni nilisema, "Ami, kuna karatasi imekuja." Akasema, "Njoo nayo siku yenyewe, tutaisoma pamoja." Ningeweza kuitoa palepale. Ningeweza kupiga simu Jumatatu, au Jumanne. Nilijiambia kazi nyingi. Kweli ni kwamba sikutaka kuwa mimi wa kumwambia.

Siku yenyewe, treni ya Ami ilichelewa. Alifika wakati tunaitwa kuingia. Hatukusoma kitu pamoja.

Mwenyekiti alisoma majina ya waliokuwepo, akataja udhuru wa daktari. Kisha akavaa miwani yake na kuuliza kama kuna marekebisho yoyote katika muhtasari wa kikao kilichopita. Ami alikuwa anakunja mwavuli wake. Mwalimu alikuwa anafuta mvua kwenye nywele. Mwenyekiti akasema, "Kama hakuna, basi tutauchukua kuwa ni—"

"Bibi mwenyekiti, ukurasa wa tatu, mstari wa kumi na mbili, si sahihi," nilisema. "Mimi ndiye ninayeishi na mtoto. Sikukubali ahamishwe. Naomba iandikwe hivyo."

Ilitoka yote bila kukwama. Mwandishi aliinua vidole akamtazama mwenyekiti. Ofisa wa ustawi akafungua faili lake la kijani.

"Lakini mzee wenu alisema mmeridhika," alisema, bila ukali. "Sote tulimsikia."

Hapo maandalizi yetu yalikuwa yamekwisha. Sehemu hiyo mimi na Mama hatukuifanyia mazoezi.

"Alisema," nilijibu. "Lakini yalikuwa maneno ya heshima. Kwetu mkubwa haanzi kwa kudai. Alikuwa anawapa nafasi mtuulize tunataka nini. Alikuwa anangoja mmuulize."

Mwenyekiti aliweka kalamu mezani. "Yaani alisema jambo ambalo hakulimaanisha?"

Nilisikia kiti cha Ami kikilia. Sikugeuka. Kwa Kiingereza chao swali lilikuwa jepesi, la ndiyo au hapana, na majibu yote mawili yalikuwa mabaya. Nikisema ndiyo, nimemfanya mzee mwongo mbele yake. Nikisema hapana, treni ya pwani.

"Alimaanisha heshima," nilisema. "Hakumaanisha kukubali."

"Nakuelewa," mwenyekiti akasema, na nadhani alijaribu kweli. "Lakini mimi lazima niandike moja. Ama familia ilikubali, ama haikukubali." Akamgeukia Ami. "Bwana, wewe ndiye uliyesema. Je, mlikubali?"

Ami alikuwa ndiyo kwanza anasikia habari ya ukurasa wa tatu. Niligeuka sasa. Alikuwa ananitazama mimi, si mwenyekiti, na mwavuli uliokunjwa nusu ulikuwa bado mikononi mwake unadondosha maji kwenye viatu. Angeweza kueleza. Kiingereza alikuwa nacho, na desturi alizijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Angeweza kutumia nusu saa kuwafahamisha kuwa alilofanya lilikuwa sawasawa, kwamba ni wao walioshindwa kujibu. Nadhani aliona jinsi mambo yale yangeonekana yakichapwa kwenye kompyuta ile.

Akasimama, ingawa hakuna aliyesimama katika vikao vile.

"Nimeishi nchi hii miaka mingi," alisema. "Nilipaswa kujua. Nilikosea. Kijana hakukubali, na hakuna aliyenituma nikubali. Andikeni kwamba mzee alikosea."

Safari hii hakushukuru mtu. Akakaa. Mwandishi akachapa. Nilisikia vidole vyake, na sentensi ile ilikuwa fupi.

Baada ya hapo kikao kilikwenda kama vikao vinavyokwenda. Mwenyekiti alinigeukia akauliza swali ambalo Ami alilingoja kikao kizima cha kwanza: mnataka nini? Nikasema tunachotaka. Mwalimu akasema kazi za nyumbani za mtoto hufika kila siku zimekamilika, na kwamba hajawahi kuja na njaa. Ofisa wa ustawi akauliza kama naweza kubadilisha zamu. Nilisema msimamizi wangu ameniambia nitahamishiwa jengo lingine, saa tatu mpaka saa tisa, mwezi ujao, malipo pungufu kidogo. Akaandika. Ikakubaliwa mtoto abaki nyumbani, ofisa aje kila wiki mbili, na kikao cha tatu kifanyike baada ya miezi mitatu kutazama hali.

Nje mvua ilikuwa imepungua. Nilimfuata Ami mpaka kituo cha basi.

"Ami," nilisema.

"Mtoto anatoka shule saa ngapi?"

"Saa tisa na robo."

"Basi nenda kampokee. Usimwache akusubiri leo." Basi likaja. Alipanda, akaonyesha kadi yake ya wazee, akakaa upande ule mwingine, sikumwona uso.

Mdogo wangu nilipomwambia habari alisema, kwa Kiingereza, "Kwa hiyo Ijumaa bado ni siku ya chipsi?" Nikamwambia ndiyo.

Karatasi za kikao cha pili zilipokuja, Mama alizisoma kwenye ngazi, miguu kwenye kidato cha chini. Alipofika mahali pa uamuzi alinipiga begani kwa kitambaa kibichi. Kisha akarudi nyuma ukurasa mmoja.

"Hapa. Mzee wa familia ameeleza kuwa alikosea katika kikao kilichopita. Alikosea nini?"

Ndipo nikamweleza yote, habari ya kupa na kurudishiwa, na Jumapili ile, na kahawa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakukosea."

"Hapana."

"Basi hii nayo si sahihi. Unajua la kufanya. Sekunde tano."

Kikao cha tatu kilifanyika katika chumba kilekile. Ami hakuja. Alituma udhuru kwa simu, akasema miguu. Mwenyekiti alikuwa mchangamfu, ofisa wa ustawi alikuwa na ripoti nzuri, na kwenye meza kulikuwa na biskuti. Mwenyekiti aliuliza kama kuna marekebisho katika muhtasari. Ukurasa wa pili ulikuwa mbele yangu, na kidole changu kilikuwa juu ya mstari wenyewe. Niliogopa. Niliogopa kuwa nikiligusa jambo lile, mtu atauliza tena nani alisema nini na alimaanisha nini, na faili litafunguliwa upya, na mji wa pwani utarudi mezani. Mdogo wangu alibaki nyumbani kwa nguvu ya karatasi hizohizo.

Nilisema, "Ni sahihi."

Mwenyekiti akatia sahihi. Nilipita jengo letu la zamani kumwambia Mama. Alikamua kitambaa chake, akaenda kufuta ubao. Mwaka uliofuata alirudi kwao kumwangalia mama yake aliyekuwa mgonjwa, akaniachia daftari, na safu tatu zimejaa mpaka jalada la nyuma.

Mdogo wangu sasa ni mtu mzima, anafanya kazi hospitali. Zile karatasi alizikuta mwenyewe ndani ya bahasha, alipokuwa anatafuta cheti chake cha kuzaliwa. Alizisoma zote mezani jikoni, kisha akaniuliza ule mstari wa Ami maana yake nini. Nilimweleza. Alizirudisha karatasi katika bahasha, akasema, safari hii kwa Kiswahili, cha taratibu, "Na wewe hujamwambia?"

Sijamwambia kwamba hakukosea, wala sijamwomba radhi. Ami yu hai. Nakutana naye siku za Idi na katika mazishi. Namsalimu, ananiitikia, ananiuliza mtoto hajambo, na hajawahi kuitaja siku ile. Wala hajasema tena kwa niaba ya mtu yeyote. Nimesikia vijana wawili walimwendea awaposee, akawaambia watafute mwingine, yeye Kiingereza kimempotea.

Kwetu radhi haiombwi hivihivi mlangoni. Unatafuta mkubwa akutangulie, aseme kwanza, wewe ukae nyuma yake. Mimi mkubwa niliyekuwa naye ni yeye. Mdogo wangu anasema tutakwenda wawili, na kwamba yeye ndiye atakayeanza kusema, kwa kuwa ni yeye aliyebakizwa. Tumekubaliana hivyo mara mbili. Mara ya kwanza zamu yake ilibadilika. Mara ya pili ni mimi niliyesema tungoje wiki ijayo, na wiki hiyo imepita.